Mayai Yanayofanana: Jinsi Tegu wa Mbwa wa Turkana Alivyopata Jina

Ndani ya utumbo mwembamba wa mbwa huishi tegu mdogo kuliko punje ya mchele. Urefu wake ni kati ya milimita 2 na 7, pingili zake ni tatu au nne hivi, na mbwa mmoja aweza kubeba maelfu yao bila kukonda wala kukosa hamu ya kula. Wanasayansi humwita Echinococcus granulosus. Mbwa humpata kwa kula ini au pafu bichi la mfugo lenye vifuko vya maji. Nao mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia hupata vifuko hivyo kwa kumeza mayai yaliyotoka na kinyesi cha mbwa. Tegu huyu hamhitaji binadamu ili aendelee kuzaana. Lakini binadamu humshika mbwa, hunywa maji ya kisima kimoja na mifugo, hula kwa mkono. Akimeza yai, kifuko huanza kukua katika ini au pafu lake, polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi tumbo linatokeza na njia iliyobaki ni kisu cha daktari.

Watu wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, wameteswa na ugonjwa huu kuliko karibu watu wengine wote duniani. Historia hii ni ya swali moja lililoonekana dogo: mayai yaliyomo katika kinyesi cha mbwa ni ya tegu yupi? Mbwa hubeba tegu wa aina nyingi. Wengine hawamdhuru mtu kabisa, na mmoja anaua. Mayai yao yakiwekwa chini ya hadubini, hata jicho lililozoea kazi hiyo kwa miaka mingi haliwezi kuyatenganisha.

Mbwa anashtakiwa, 1766–1869

Vifuko vya maji katika maini ya wanyama vilijulikana tangu enzi za Hippocrates, ila kwa karne nyingi vilidhaniwa kuwa tezi zilizovimba au usaha uliokosa njia. Mwaka 1766 Peter Simon Pallas, mwanasayansi wa Ujerumani, aliona kwamba vifuko vya binadamu na vya wanyama vinafanana, na akavihusisha na tegu. Mwaka 1801 Rudolphi akavipa jina la Echinococcus. Hata hivyo hakuna aliyejua kifuko kinatoka wapi wala kinaelekea wapi.

Jibu lilipatikana Breslau mwaka 1852. Carl Theodor von Siebold aliwalisha mbwa vifuko vilivyotoka kwa kondoo, kisha akapasua matumbo yao na kukuta tegu wadogo wamejishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Ilibaki kuthibitisha kwamba kifuko cha binadamu ni cha ukoo huohuo. Mwaka 1863, mjini Berlin, Bernhard Naunyn alimlisha mbwa vifuko vya mgonjwa, na tegu wakatokea.

Mwaka huohuo Harald Krabbe, Mdenmark, alikwenda Iceland, kisiwa ambako ugonjwa huu ulikuwa umeenea mno mashambani. Alipasua mbwa mmoja baada ya mwingine, na zaidi ya robo yao walikuwa na tegu huyu. Baada ya hapo aliandika kijitabu chepesi, kikasambazwa kwa wananchi mwaka 1864, kikiwaambia wazike au wachome moto viungo vyenye vifuko na wasiwape mbwa. Sheria ya mbwa ilifuata mwaka 1869, na baada ya vizazi kadhaa ugonjwa ulitoweka kisiwani. Nchi zilizofuata njia hiyo baadaye, nyingi zikiwa visiwa, zilirithi mafanikio ya Krabbe pamoja na upungufu wake mmoja. Ili kujua mbwa ana tegu gani, ilibidi afe kwanza.

Palikuwa na njia nyingine, nayo haikuwa rahisi. Mbwa alinyweshwa arekolini, dawa inayotokana na popoo, ileile inayotafunwa pamoja na tambuu Pwani na Visiwani. Dawa hiyo humharisha mbwa kwa nguvu, na wahudumu hukusanya kilichotoka na kukichambua kidogo kidogo wakitafuta tegu. Kazi hiyo inachosha, tena ni ya hatari, maana kila tone linaweza kuwa na mayai hai. Isitoshe, mbwa asiyeharisha vizuri huandikwa kuwa mzima ilhali sivyo.

Turkana, 1957–1982

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika la AMREF jijini Nairobi ili kupeleka matibabu kwa ndege hadi kwenye hospitali za mbali. Mwaka uliofuata J. R. Wray aliandika kuhusu vifuko hivi nchini Kenya katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Ndege zilizotua Turkana zilikuta watu wakisubiri kwa matumbo yaliyojaa, wengine wakiwa wameishi hivyo kwa miaka.

Mwaka 1963 George Nelson na Robert Rausch walichapisha uchunguzi wao juu ya tegu huyu katika watu na wanyama wa Kenya. Walipasua mbwa wa vijijini na wanyama wa porini, wakaonyesha kwamba mbwa ndiye kiungo kikuu. Katika mwaka huohuo wawili hao walipitia orodha ya spishi zote za Echinococcus zilizopendekezwa duniani na kufuta nyingi, wakiona kwamba tofauti ndogo za umbo hazitoshi kumpa tegu jina lake mwenyewe. Miongoni mwa walionyimwa hadhi ya spishi alikuwa tegu wa simba, aliyeelezwa na Ortlepp nchini Afrika Kusini mwaka 1937. Kwa vipimo vya wakati ule uamuzi wao ulikuwa wa busara, na ulidumu kwa karibu miaka 40.

Takwimu za wagonjwa zilipokusanywa, zilishtua. French na Nelson walieleza mwaka 1982 kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana wagonjwa wapya walifikia 220 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Hapakuwa na mahali palipojulikana kuwa na kiwango kama hicho.

Kwa nini Turkana? Watafiti walitaja mambo kadhaa, na kila moja linahitaji kusomwa pamoja na hali ya nchi yenyewe. Mbwa waliishi ndani ya makazi pamoja na familia. Walilamba vyombo vya kupikia. Waliwasafisha watoto wachanga kwa ulimi baada ya kujisaidia, hata watafiti wakawaita mbwa yaya. Msomaji wa mjini aliyezoea kufungua bomba asiharakishe kuhukumu. Mama anayetembea nusu siku kufuata maji, akabeba kiasi kinachotosha kunywa tu, hana maji ya kumwogesha mtoto mara tano kwa siku, na mbwa yuko karibu. Mwaka 1983 Calum Macpherson aliongeza hoja nzito zaidi. Pale ambapo maiti hazikuzikwa kwa kina, au ziliachwa nje kulingana na desturi ya zamani, mbwa, fisi na mbweha waliweza kupata vifuko vilivyokuwa ndani ya mwili wa binadamu. Kwa hoja hiyo binadamu naye aliingia katika mzunguko, wakati kwingineko duniani tegu anayeingia kwa mtu huwa amefika mwisho wa safari.

Wachira, Macpherson na Gathuma baadaye walichunguza maisha ya mayai yenyewe. Juani, kwenye mchanga wa Turkana, yai hufa haraka. Ndani ya kibanda chenye kivuli na kandokando ya kisima hudumu muda mrefu zaidi, na huko ndiko watoto na akina mama wanakoshinda.

Mwaka 1983

Matukio mawili ya mwaka huo yalitokea mbalimbali sana, na waliohusika na moja hawakujua lolote kuhusu jingine.

La kwanza lilitokea Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini ya sasa. AMREF, ikishirikiana na wataalamu wa Kenya wa afya na mifugo, ilianza mradi wa kudhibiti vifuko. Mbwa waliandikishwa, wasio na mwenyewe walipunguzwa, na waliobaki walipewa dawa ya prazikwanteli kila baada ya wiki sita. Muda huo ulikuwa na hesabu yake: tegu wa kondoo anapoingia tumboni mwa mbwa huchukua takriban siku 45 kabla ya kuanza kutoa mayai. Dawa ikifika kabla ya hapo, mbwa hachafui mazingira. Baadaye mashine ndogo za altrasaundi zilibebwa hadi vijijini, na Eberhard Zeyhle, aliyefanya kazi hiyo Turkana kwa miongo kadhaa, pamoja na wenzake, walipima watu kwa maelfu chini ya miti. Kwa miaka iliyofuata idadi ya waliokutwa na vifuko ilishuka.

La pili lilitokea California. Kary Mullis alibuni mbinu ya PCR, ambayo huchukua kipande kidogo cha vinasaba na kukinakili mara mamilioni kwa saa chache, hadi kiasi chake kinatosha kusomwa. Alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Kwa mtu anayetafuta yai moja katika kinyesi cha mbwa, hakuna ugunduzi uliokuwa na thamani zaidi: yai la tegu lina vinasaba haba mno, na sasa uhaba huo haukuwa kikwazo tena.

Herufi 366, 1992–1993

Wafugaji na madaktari wa mifugo walikuwa wameshuku kwa muda mrefu kwamba si tegu wote wanaoitwa Echinococcus granulosus walio sawa. Wale wa farasi huko Uingereza hawakuonekana kuwaambukiza watu. Wale wa ng'ombe walikomaa mapema ndani ya mbwa, takriban siku 35, kuliko wale wa kondoo. Waliitwa aina: aina ya kondoo, ya farasi, ya ng'ombe, ya ngamia. Ila kumtambua kila mmoja kulitegemea umbo la kulabu za kichwani, na mnyama mwenyeji huweza kubadili umbo hilo.

Mwaka 1992 Bowles, Blair na McManus, wakifanya kazi Australia, walisoma herufi 366 za kinasaba kimoja cha mitokondria, yaani viungo vidogo vya seli vyenye vinasaba vyao wenyewe vinavyorithiwa bila kuchanganyika. Katika herufi hizo chache kila aina ilijipambanua bila ubishi. Walizipa namba: G1 ya kondoo, G4 ya farasi, G5 ya ng'ombe, G6 ya ngamia, na kadhalika. Sasa mtu aliweza kukiita kifuko kwa jina bila kuliona umbo la mnyoo mzima.

Mbinu hiyo ilifika Kenya karibu mara moja. Mwaka 1993 Wachira, Bowles, Zeyhle na McManus walichapisha uchambuzi wa vifuko na tegu kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Aina ya kondoo ilikuwa kila mahali. Aina ya ngamia ilipatikana Turkana, ikiishi bega kwa bega na ile ya kondoo, katika boma moja na kundi moja la mifugo. Na vifuko vya binadamu walivyovichunguza vilikuwa vya aina ya kondoo.

Matokeo hayo yaliweza kusomwa kwamba ngamia hana hatia, na wengi waliyasoma hivyo. Ingekuwa habari njema kwa mfugaji wa ngamia, lakini haikudumu. Mwaka 2010 Adriano Casulli, Zeyhle na wenzao walirudi kwenye vifuko vya wagonjwa wa Turkana wakiwa na mbinu bora zaidi. Vingi vilikuwa G1, ila baadhi vilikuwa G6, aina ya ngamia. Ini la ngamia linalotupwa nyuma ya boma, kumbe, nalo ni hatari kwa mtoto anayecheza na mbwa aliyelila.

Majina yanarudi, 2002–2008

Thompson na McManus walipendekeza mwaka 2002 kwamba tofauti hizi ni kubwa kupita kiasi cha kuitwa aina tu. Spishi zilizokuwa zimefutwa zikaanza kurejeshwa moja baada ya nyingine. Tegu wa farasi akawa Echinococcus equinus, wa ng'ombe Echinococcus ortleppi, na wa ngamia akawekwa katika kundi la Echinococcus canadensis. Wa kondoo alibaki na jina la zamani.

Afrika Mashariki ilichangia ukurasa wake. Katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, Ludwig Siefert na wenzake walikusanya kinyesi cha simba. Marion Hüttner, akifanya kazi na Thomas Romig wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, alisoma vinasaba vya mayai yaliyomo na kuvilinganisha na sampuli ya zamani ya tegu wa simba wa Afrika Kusini. Vililingana. Tegu ambaye Ortlepp alimweleza mwaka 1937, akafutwa baadaye, alithibitishwa mwaka 2008 kuwa spishi kamili, Echinococcus felidis. Nelson na Rausch walihukumu kwa kile kilichoonekana kwa hadubini, na ushahidi uliowapinga ulikuwa umejificha mahali ambapo hakuna hadubini ya wakati wao ingefika.

Yai moja moja, 2004–2018

Hadi hapa kazi kubwa ilifanywa kwa vifuko vya mifugo na vya wagonjwa. Mbwa mwenyewe, aliyeshtakiwa tangu 1852, alikuwa bado hajapimwa ipasavyo akiwa hai. Mwaka 2004 Anke Dinkel na wenzake walitangaza mfumo wa PCR uliotengenezwa mahsusi kutenganisha aina zinazopatikana Afrika Mashariki. Ugumu ulibaki kwenye kinyesi, ambacho kina kemikali nyingi zinazozuia PCR isifanye kazi, na ambacho kwa kawaida kina mayai ya tegu zaidi ya mmoja.

Suluhisho walilochagua watafiti wa Kenya na Ujerumani lilihitaji subira kuliko mitambo. Kinyesi kilikusanywa kutoka ardhini karibu na makazi, bila kumgusa mbwa wala kumdhuru. Kilipofika maabara kiligandishwa kwa baridi kali, nyuzi 80 chini ya sifuri, hadi mayai yafe, kwa sababu mtafiti naye ana ini. Kisha mayai yalieleshwa katika maji mazito ya chumvi, yakachujwa, na mtu akakaa kwenye hadubini akiyanyonya moja moja kwa mrija mwembamba, hadi mayai 20 kwa kila sampuli. Kila yai lilipasuliwa peke yake kwa dawa na joto, na kinasaba chake kikasomwa peke yake. Hivyo mbwa mwenye tegu watatu tofauti hakuweza kuwaficha wawili nyuma ya mmoja.

Erastus Mulinge wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na Japhet Magambo, Zeyhle, Romig na wengine, walichapisha matokeo mwaka 2018. Sampuli zilikuwa 1,621 kutoka Turkana, Maasai Mara, Isiolo na Meru. Katika sampuli 178 mlikuwa na mayai ya tegu. Hadubini ingeishia hapo, na mtu mwenye hofu angewahesabu mbwa wote hao kuwa hatari. Vinasaba vilionyesha kwamba ni 71 tu zilizokuwa na Echinococcus. Turkana ilitoa 48 kati ya sampuli zake 524, Maasai Mara 20 kati ya 500, Isiolo mbili na Meru moja. Aina ya kondoo ilikutwa katika sampuli 51, ya ngamia katika 23, ya ng'ombe katika tano. Jumla hiyo inazidi 71, kwa sababu baadhi ya mbwa walibeba zaidi ya moja.

Ninaziona takwimu za Turkana kuwa ndizo za kusumbua akili. Katika matokeo haya, yaliyochapishwa miaka 35 baada ya mradi wa Lokichoggio kuanza, karibu sampuli moja katika kila 11 bado ilikuwa na mayai ya Echinococcus. Dawa hufanya kazi mahali ilipofika na kwa muda inaoendelea kufika. Familia inayohama na mifugo yake haikai mahali pamoja kusubiri mhudumu wa wiki sita, na mbwa mpya huzaliwa kila msimu.

Maasai Mara ilitoa jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Sampuli mbili za mbwa zilikuwa na mayai ya Echinococcus felidis, tegu wa simba. Huenda mbwa hao waliambukizwa. Huenda pia walikula kinyesi cha simba tu, na mayai yakapita tumboni bila kukaa. Kinasaba hutaja mwenye yai, hakisemi yai limefikaje. Wala hakisemi kama yai liko hai, maana vinasaba vya yai lililouawa na jua husomeka vilevile.

Vimelea vingine vya mbwa haohao, 2020

Mbinu hii haikuishia kwa tegu. Vimelea vya Giardia, vinavyoharisha watu na mbwa, viligawanywa kwa vinasaba katika makundi ya herufi: A na B huwapata watu na wanyama wengi, C na D ni vya mbwa. Daktari anayeona Giardia katika choo cha mbwa hawezi kujua kwa macho kama familia iko hatarini.

Mwaka 2020 Mulinge na wenzake walichapisha uchunguzi wa minyoo wa safura katika mbwa wa kaunti za Turkana, Isiolo, Meru na Narok. Mayai ya minyoo hao nayo hufanana. Walikuta Ancylostoma caninum, wa kawaida kwa mbwa. Walikuta Ancylostoma braziliense, ambaye viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu na kutambaa chini yake vikiacha alama zinazowasha. Na walikuta mwingine aliye jamaa wa karibu wa Ancylostoma duodenale, anayejulikana kama safura ya binadamu.

Kwa mpango wa kuwatibu mbwa wa wafugaji, matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja. Prazikwanteli humuua tegu na haimgusi safura. Mhudumu anayefika bomani na kidonge chenye dawa hiyo peke yake anamwacha mtoto na nusu ya tatizo, na ndiyo maana vidonge vingi vya mbwa vinavyouzwa sasa huichanganya prazikwanteli na piranteli, dawa ya safura. Vinagharimu zaidi. Bei hiyo hailipwi na mfugaji wa Turkana, kwa hiyo anayepanga bajeti ya mradi anapaswa kuihesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na mafuta ya gari la kuwafuata waliohama.